Kiingereza cha Kujikimu

Wako katika mji wa Maskati watu wengi, na Waswahili wenzetu ni miongoni mwao, ambao Kiingereza chao hakistahili kuitwa kibovu wala hakijafikia kuitwa kizuri. Hawa si wanafunzi wa kuanza. Wamekwisha vuka zamani majina ya siku na ya rangi, wanajua kuuliza bei katika maduka ya Ruwi, kumweleza dereva njia ya kufika Al-Khuwair, kujibu simu ya benki, na kufahamu kwa wastani barua itokayo kwa mwajiri. Lakini mazungumzo yakitoka katika njia waliyoizoea, yakaingia katika jambo linalotaka hoja, au huruma, au upole wa kukataa bila ya kuudhi, ulimi huwa mzito, maneno yakawa ni yale yale yaliyotumika jana na juzi, na mtu mwenye akili timamu na fikira pana akaonekana mbele ya wageni kama mtu asiyekuwa na la kusema. Kiingereza cha namna hii nakiita cha kujikimu, kwa kuwa humpatia mtu riziki ya siku wala hakimwekei akiba. Na muradi wa makala haya ni kueleza kwa nini watu wengi husimama hapo, na ni kwa tadbiri gani mtu mzima mwenye kazi, watoto na saa chache za faragha aweza kuendelea mbele.

Mambo haya kwetu sisi yana tarikhi yake, na tarikhi hiyo ina heshima. Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ya Omani ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, moja Maskati, moja Matrah na moja Salala, zenye wanafunzi wasiofika 1,000, wote wavulana. Akawaita Waomani waliotawanyika katika nchi za watu warudi waijenge nchi yao, na miongoni mwa walioitika walikuwamo wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na pwani ya Afrika Mashariki, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha hama baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walio wengi walirudi na Kiarabu kidogo, na wengine bila ya Kiarabu cha kusema. Walakini walikuwa na kitu ambacho dola iliyokuwa ikianza upya ilikihitaji mno, nacho ni elimu ya skuli za Unguja chini ya himaya ya Waingereza iliyodumu tangu 1890 hata 1963. Walijua kuandika barua ya serikali, kuweka hesabu, kusomesha na kuuguza, na yote hayo kwa Kiingereza kilichopimwa. Wakaingia katika wizara, mabenki, hospitali na skuli, na katika kampuni ya mafuta ambayo ilikuwa imeanza kusafirisha mafuta ng'ambo mwaka 1967. Na wanawake wao wakaingia pamoja na wanaume, jambo ambalo nchi hii ilinufaika nalo sana.

Kiingereza hicho kilipatikana kwa imla na insha. Mwalimu alisoma, mwanafunzi akaandika. Mwanafunzi akatunga, mwalimu akapiga mistari ya wino mwekundu. Na kesho yake yule yule mwanafunzi akaandika tena lile lililokosewa. Wako waionao njia hiyo kuwa ni ya kikale na ya ukali, na ukali wake siutetei. Ila nasema, na nitalirudia jambo hili mbele, kwamba ndani yake mlikuwamo kitu kimoja ambacho masomo mengi ya leo yamekipoteza, nacho ni mtu wa kukuonyesha ulipokosea.

Wana wao na wajukuu wao wamepita njia nyingine. Hao wamesoma kwa Kiarabu, na Kiingereza wamekipata kama somo moja miongoni mwa masomo: zamani kilianza darasa la nne, na tangu marekebisho ya elimu ya mwaka 1998 huanza darasa la kwanza. Kisha kijana akifaulu kuingia Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, naye akataka kusoma utabibu au uhandisi, hukuta masomo hayo yanasomeshwa kwa Kiingereza. Na ndiyo sababu vyuo vya nchi hii hutanguliza masomo ya matayarisho, ambayo vipimo vyake vya taifa viliwekwa 2008, ili kijana aliyekuwa akipata alama nzuri skulini aweze kuhimili mhadhara wa saa nzima. Basi huwa katika nyumba moja pale Sib au Al-Khoud, bibi aliyesoma Unguja huandika Kiingereza chenye sarufi iliyonyoka ingawa hakisemi sana siku hizi. Binti yake afanyaye kazi afisini hukisema upesi lakini hathubutu kukiandika bila ya kuomba msaada. Na mjukuu hufahamu yote ayasikiayo katika filamu na michezo ya simu, ilhali hajapata kuandika ukurasa mmoja uliokamilika. Kila mmoja ana upungufu wake, na dawa ya mmoja si dawa ya mwenziwe.

Wataalamu wa Baraza la Ulaya walipotoa vipimo vyao vya lugha mwaka 2001, waliigawa safari ya mwanafunzi katika daraja sita, kuanzia A1 ya mwenye kuanza hata C2 ya aliyebobea, na leo daraja hizo hutajwa kila mahali, hata katika matangazo ya kozi za hapa Maskati. Msomaji ninayemkusudia yuko aghalabu katika ile ya tatu, B1: aweza kujitegemea safarini, kusimulia lililompata, na kueleza matumaini yake kwa sentensi nyepesi. Daraja ifuatayo, B2, ndiyo ya mtu awezaye kutetea rai yake kwa hoja, kuandika taarifa iliyo wazi, na kuongea na mwenye lugha bila ya upande mmoja kutaabika. Hapo katikati ndipo watu hukaa miaka na miaka, wakidhani kwamba wamefika mwisho wa kipaji chao.

Kipaji hakimo katika jambo hili. Mwaka 1983 mtaalamu wa lugha Richard Schmidt alieleza habari za msanii mmoja wa Kijapani aliyehamia Hawaii, ambaye alimfuatilia kwa miaka mitatu akimwita Wes ili kulisitiri jina lake. Wes alikuwa mchangamfu, mpenda watu, asiyeona haya kusema, na shughuli za sanaa yake alizifanya kwa Kiingereza. Na katika miaka hiyo maongezi yake yalizidi kunawiri, lakini sarufi yake karibu haikusogea. Kila aliyesema naye alimfahamu, na kwa kuwa alifahamika, hapakuwa na kitu cha kumlazimisha autazame usemi wake mwenyewe.

Nami nasema kwamba Maskati ni mji uliojaa sababu za kumfanya mtu awe kama Wes. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta katika Omani nzima watu takriban 4,470,000, na katika hao wageni walizidi 1,700,000, wengi wao wakiwa wametoka India, Bangladesh na Pakistan, na wengine Ufilipino, Misri na kwetu Afrika Mashariki. Kiingereza ndicho kinachowaunganisha, lakini kwa karibu wote ni lugha ya kujifunza, na watu wa mji huu ni waungwana: muuzaji hupunguza maneno ili mnunuzi afahamu, mnunuzi naye hupunguza ili muuzaji asitahayari, na wote wawili hukutana chini, mahali ambapo hapana sarufi wala hapana msamiati, bali namba, majina ya vitu na ishara za mkono. Hakuna anayemsahihisha mwenziwe, kwa kuwa kumsahihisha mtu mzima mbele ya watu ni utovu wa adabu. Matokeo yake ni kwamba mtu aweza kukaa hapa umri mzima akisema Kiingereza kila siku, na Kiingereza chake kikawa ni kile kile alichoanza nacho.

Wala wale wanaotegemea kusikiliza peke yake wasijidanganye. Huko Canada, watoto waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi walionekana kuwa na masikio yaliyokaribia ya wenye lugha, na huku ndimi na kalamu zao zimebaki nyuma. Na Merrill Swain, aliyewachunguza, akaandika mwaka 1985 kwamba mwanafunzi hana budi pia asukumwe atoe maneno yake mwenyewe, na ayatoe sawasawa. Filamu zina faida yake. Lakini mwenye kutazama filamu saa tatu kila usiku na asiseme wala asiandike kitu, huyo anajifunza kutazama filamu.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ni kosa dogo lenye madhara makubwa, na ni letu hasa. Mama wa makamo amekwenda hospitali asubuhi kupimwa damu, naye aliambiwa asile kitu tangu usiku. Muuguzi humuuliza: “You haven't eaten anything?” Mama, aliyekaa na njaa yake tangu baada ya isha, hujibu kwa yakini: “Yes.” Kwa Kiswahili jibu lake ni sahihi kabisa, kwani anayeulizwa “Hujala kitu?” hujibu “Ndiyo”, na maana yake ni hivyo ulivyosema, sijala. Kwa Kiingereza jibu hilo husikika kama anayemkanusha muuguzi na kusema kwamba amekula. Na kama muuguzi mwenyewe katika lugha ya kwao hujibu kama tujibuvyo sisi, basi hakuna ajuaye ni nani aliyemfahamu nani. Mama ataambiwa arudi kesho, au, baya zaidi, katika siku nyingine atapelekwa chumba cha upasuaji na chakula tumboni. Afisini ni vivyo hivyo: meneja huuliza kama hati haijapelekwa, karani hujibu “Yes”, na kila mmoja huondoka na maana yake. Dawa ni kuacha kabisa kujibu kwa neno moja. Mtu na aseme “No, I haven't eaten,” au “No, I haven't sent it,” na azoee kufanya hivyo nyumbani kwa sauti, mpaka ulimi ulete jibu zima bila ya kutafuta. Mazoezi ya siku chache yatamwondolea kosa ambalo vitabu vya sarufi humwacha nalo, kwa kuwa vingi havikuandikwa kwa ajili ya Mswahili.

Makosa yetu mengine nayapita kwa haraka. Kiswahili hakimbagui mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, basi hata msemaji mzuri humwita mkewe kwa kiwakilishi cha kiume akighafilika. Huwa hatusemi “kile” na “kimoja” mbele ya kila jina kama Waingereza wafanyavyo. Na kwa kuwa twasema “nimekuja jana” bila ya kuona tatizo, husema “I have come yesterday”, na Mwingereza akahisi kuwa pana kitu kimekwenda upande.

Katika matamshi, lakini, Mswahili wa Maskati amebarikiwa kuliko wengi wa majirani zake, na laiti angalilijua hilo angalisema kwa moyo zaidi. Sauti za “dhahabu” na “thelathini”, ambazo Wazungu wengi wa bara la Ulaya hushindwa nazo maisha, tunazo tangu utotoni. Na sauti za “paka”, “vazi” na “chai”, ambazo Kiarabu fasihi hakina, tunazo vile vile. Yanayotupa tabu ni mambo mawili. La kwanza ni vokali: sisi tuna tano, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za namna hiyo 20 hivi, ndiyo maana “live” na “leave” vinywani mwetu huwa kitu kimoja, na mwenye kuomba likizo akasikika anaomba kuishi. La pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na msikilizaji hana wasiwasi. Kiingereza huuhamisha, hata neno “photograph” hukazwa mwanzo, na “photographer” hukazwa katikati. Mtu akikosea vokali kwa kawaida husamehewa, lakini akikosea mkazo, neno zima hupotea. Kwa hiyo kila neno jipya lijifunzwe pamoja na mkazo wake, kwa kulisikiliza katika kamusi ya simu na kulifuatisha kwa sauti, si kwa macho peke yake.

Nakuja sasa kwenye msamiati, na hapa ndipo pana kazi kubwa. Michael West alipochapisha mwaka 1953 orodha yake mashuhuri ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yenye kufaa zaidi, aliwapa walimu wa dunia chombo kizuri cha kuanzia; na mwenye Kiingereza cha kujikimu, kwa kadiri nionavyo, anayo maneno hayo na machache juu yake. Lakini Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba mwenye kutaka kusoma gazeti au riwaya bila ya msaada huhitaji jamii za maneno 8,000 hata 9,000, yaani neno pamoja na yale yanayozaliwa nalo yakihesabiwa kuwa jamii moja. Hayo maelfu yaliyosalia hayasikiki dukani wala katika teksi. Yako katika karatasi, na mtu asiyesoma hatayakuta, hata akae Kiingereza kikivuma masikioni mwake usiku na mchana.

Basi asome nini? Naona watu wengi hukosea kwa kuanza na kitabu kilicho kigumu na kigeni kwa pamoja, wakafa moyo katika ukurasa wa tano. Afadhali mtu aanze na yale ambayo habari zake anazijua tayari, ili akili ibebe maana na neno geni lifuate nyuma. Magazeti ya Kiingereza ya hapa yapo, Times of Oman tangu 1975 na Oman Observer tangu 1981, na jambo moja likifuatwa humo siku baada ya siku hufaa kuliko mambo kumi ya siku moja. Tufani ya Shaheen ilipoipiga pwani ya Batina mwezi Oktoba 2021, aliyefuatilia habari zake wiki mbili alikutana mara kwa mara na maneno yale yale ya mafuriko, ya kuhamisha watu, ya makimbilio, ya kukatika kwa barabara na kufidiwa kwa hasara. Na kwa kuwa mabonde yaliyofurika aliyajua kwa majina, hakuhitaji kamusi kila mstari. Kukutana na neno mara nyingi, katika mahali mbalimbali, ndiko kulihifadhi.

Baada ya magazeti, zipo riwaya, na hapa nazungumza kwa mapenzi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja 1948, Kiswahili ndiyo lugha aliyolelewa nayo, akahamia Uingereza akiwa kijana, akaandika vitabu vyake vyote vya hadithi kwa Kiingereza hata akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Katika “Paradise” na “By the Sea” msomaji wetu atakuta baraza, udi, majahazi na misafara anayoijua kwa masimulizi ya wazee, imevikwa Kiingereza safi kabisa. Na Jokha Alharthi, binti wa Omani, riwaya yake iliyofasiriwa kwa Kiingereza na Marilyn Booth kwa jina la “Celestial Bodies”, iliyopata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019, imewataja watu wa kijiji cha Omani ambao huenda msomaji akadhani ni jirani zake. Ziko kozi za ghali mjini hapa ambazo hazitampa mtu kile atakachopewa na kitabu kimoja cha namna hii, kilichosomwa taratibu kwa miezi mitatu, na sentensi nzuri zikanakiliwa katika daftari. Nasema sentensi, wala sisemi neno moja moja. Kwani mwenye kukariri neno peke yake hajui huandamana na lipi, na Kiingereza ni lugha ambayo maneno yake yana ujamaa na uadui, hili hukubali kukaa na lile na kulikataa jingine lenye maana ile ile.

Huambiwa mara nyingi kwamba mtu mzima hajifunzi lugha. Wanaosema hivyo na wamkumbuke Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Watoto wa kike wa jumba lile walisomeshwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Naye akajifundisha kwa siri, akizifuatisha herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1867 alifika Hamburg akiwa ameolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na lugha ya watu wale hakuijua. Miaka mitatu baadaye mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na mambo ya hati, mali na mahakama katika lugha hiyo hiyo. Mwaka 1886 kilichapishwa Berlin kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kijerumani, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata 1888. Haikumtosha kusema Kijerumani cha sokoni, kwa kuwa haki yake na hadithi yake zilitaka lugha iliyokamilika. Na naamini kwamba haja ya namna hii ndiyo humvusha mtu, kuliko umri na kuliko kipaji. Mwenye kusema “nataka Kiingereza changu kiwe kizuri” hasogei. Mwenye kusema “nataka, kabla ya Ramadhani, niweze kusimama mbele ya mkutano wa afisi na kueleza hesabu za idara yangu kwa dakika kumi”, huyo amekwisha ianza kazi.

Katika mambo ya kazi, pa kuanzia ni barua. Nimeona maombi ya ruhusa yaliyoandikwa na watu waungwana, ambao kwa Kiswahili wasingaliomba hata maji bila ya kutanguliza tafadhali, yakisomeka kwa Kiingereza kama amri: nataka likizo Jumapili, mama yangu mgonjwa, “please do the needful”. Usemi huu wa mwisho umetoka katika afisi za Kihindi, na katika Ruwi unafahamika na haumuudhi mtu. Lakini mkubwa aliyeko London au Houston huusoma kwa mshangao, na barua za kazi za siku hizi huenda huko. Adabu ya Kiswahili imo katika maamkizi, katika kumwita mtu bwana au bibi, na katika sauti; adabu ya Kiingereza imefichwa aghalabu ndani ya kitenzi, katika “could” na “would”, na katika kuligeuza ombi liwe swali. Yule mwenye mama mgonjwa na aandike: “Would it be possible for me to take leave on Sunday and Monday?” Kisha aeleze kwa mstari mmoja kwamba mama yake anapasuliwa na angependa kuwa naye, na kwa mstari wa pili ataje mwenziwe aliyekubali kushika kazi yake siku hizo. Sentensi tatu, na mkubwa hana la kuuliza tena. Mtu akizihifadhi barua kumi za namna hii, za kuomba, za kukumbusha, za kukataa, za kuomba radhi, za kushukuru, amepata sehemu kubwa ya uandishi wa afisi.

Mazungumzo ya urafiki ni magumu kuliko ya kazi, na watu wachache hulikubali hilo. Kazini mtu anajua litakalosemwa. Katika karamu ya afisi, au mlangoni mwa skuli akiwangoja watoto pamoja na mama wa Kifilipino na mama wa Kiskochi, hajui. Sisi tumezoea maamkizi marefu, ya nyumbani, ya watoto, ya wazee na ya afya, na mwisho wa maamkizi hayo urafiki umekwisha fanyika. Wao huamkiana kwa maneno mawili, na urafiki huanza baadaye, katika swali la pili. Mtu akikwambia alikuwa Nizwa mwisho wa wiki, usiseme “good” ukanyamaza. Muulize alikwenda na nani, na kama alipanda ngome. Na litokeapo la msiba, wengi wetu hunyamaza kwa kukosa maneno, watu wakatuhesabu kuwa na mioyo mikavu, nasi ndio tuliolelewa katika ada ya kwenda kuhani kabla ya jua kupanda. “I was very sorry to hear about your father” ni sentensi ya kuhifadhiwa kama inavyohifadhiwa dua, na kusemwa kwa mkono uliotolewa na macho yaliyoinuliwa.

Limesalia suala la kusahihishwa. Simu za leo zina programu za akili mnemba ambazo humwandikia mtu barua kwa nukta chache, na wengi afisini huzitumia. Sizikatazi; lakini barua ikimpita mwenyewe kwa umbali mkubwa, siku ya usaili huumbuka, kwani aliyeitwa kwa barua ile siye aliyekuja. Njia ya haki ni mtu kuandika kwanza kwa mkono wake, kisha kuipa programu ile isahihishe na ieleze sababu, kisha kuifunga na kuandika tena mara ya pili bila ya kutazama.

Na kwa aliye na mzee nyumbani aliyesoma Unguja siku zile za imla, namwomba asimwache akae bure na elimu yake. Usiku wa Alhamisi, chakula kikishaondolewa, Bibi na aombwe asome aya moja ya gazeti, taratibu, mara mbili, na mama na mwana waandike. Baadaye kila mmoja aeleze kwa Kiingereza kwa dakika tatu lililompata wiki ile, wala asikatizwe. Bibi aandike pembeni. Msemaji akimaliza, aonyeshwe makosa matatu, yale yanayojirudia, wala yasizidi matatu kwa usiku mmoja, kwa kuwa mtu mzima akihesabiwa makosa ishirini hatakuja Alhamisi ya pili. Matatu hayo yaandikwe yakiwa yamesahihishwa na kubandikwa katika mlango wa friji, na yashughulikiwe wiki nzima. Mengine yatangoja zamu yao.